Wiki Nane za Mbwa wa Baba

Mlango wa jiko la nyumbani kwetu ni wa bati, na mbwa wa baba alikuwa na tabia ya kulala ameuegemea. Kila alipojikuna, mguu wake wa nyuma uligonga lile bati, gu-gu-gu-gu, akanyamaza kidogo, akaanza tena. Unakunywa chai, gu-gu-gu. Mnasali, gu-gu-gu. Wageni walidhani kuna mtu anabisha hodi, wakawa wanaitikia karibu. Mimi nilikuwa nanyanyuka kwenye kiti, nakwenda mlangoni, namwambia acha, narudi kukaa, naye anaanza upya. Jumamosi moja nilijaribu kuhesabu nimenyanyuka mara ngapi, nikaacha njiani kwa hasira.

Nieleze mimi ni nani ili hasira hizo zieleweke. Ni wakala wa forodha pale Sirari, mpakani. Kazi yangu ni kukimbiza makaratasi ya watu kutoka dirisha hili kwenda lile ili malori yao yasilale. Miaka kumi na sita ya kazi hiyo imeniharibu. Kitu kikichelewa kidogo tu, natafuta mtu wa kumgombeza. Kila Ijumaa jioni napanda bodaboda kwenda nyumbani, milimani huko ndani ya Tarime, anakoishi baba pamoja na kaka yangu mkubwa, wifi yangu, watoto wao na ng'ombe. Mama alishatutoka zamani.

Baba, tata kama tunavyomwita kwa Kikurya, ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha kabla hatujajua kwamba linakwisha, na la kushoto linaona mwanga na vivuli tu. Mzee aliyeishi maisha yake yote nyuma ya ng'ombe, sisi tulimtengenezea kigoda kizuri ukutani, upande wa jua la asubuhi, tukamwambia apumzike. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu alichukua kamba ya ngozi, akamfunga mbwa shingoni, akamwambia twende. Mbwa akamtangulia hadi zizini, na kutoka zizini hadi malishoni, akisimama penye mtaro na penye jiwe mpaka fimbo ya baba ilipogusa. Hakuna aliyemfundisha. Hata jina hakuwa nalo. Baba alimwita "wewe", naye aliitika.

Tangu siku hiyo baba alimpa mshahara. Alfajiri, akikamua, kata ya kwanza ya maziwa ilikuwa ya mbwa. Sijui kama ni mila ya Wakurya wote au ni ya baba yangu tu, lakini alikuwa na msimamo kwamba anayelinda ng'ombe lazima anywe kwenye ng'ombe. Mimi nami kila Ijumaa nilikuwa namletea mifupa ya ng'ombe kutoka kwa wachoma nyama wa Sirari, imefungwa kwenye gazeti. Naye ndiye alikuwa mapokezi yangu. Kabla sijashuka kwenye pikipiki alikuwa ameshanirukia kifuani.

Baada ya miezi kadhaa ya mshahara huo ndipo bati lilipoanza kugongwa.

Alianza kwa kulamba vidole vya miguu, muda wote, mpaka manyoya meupe ya miguuni yakageuka rangi ya kutu. Kisha ikawa masikio, halafu tumbo na makwapa. Manyoya yakanyonyoka. Ngozi ikawa nene na nyeusi, kama ya kisigino cha mtu asiyevaa viatu, na mahali alipojikuna sana palitoa maji yenye harufu mbaya. Malishoni alikuwa anasimama ghafla ajikune, na baba akamkanyaga, na mara mbili akaanguka naye.

Kila mtu alikuwa na dawa. Kaka, akimaliza kuwapulizia ng'ombe dawa ya kupe kwa bomba la mgongoni, alimpulizia mbwa ile iliyobaki. Mbwa alitetemeka jioni nzima na kujikuna hakukupungua. Mimi nilipata ushauri Sirari, kwa dereva mmoja wa lori kutoka ng'ambo ya mpaka ambaye nilimwonyesha picha kwenye simu wakati tunasubiri muhuri.

"Madam, hiyo si kitu," aliniambia. "Chukua oil ya gari, ile imetumika, umpake mwili mzima. Hiyo kitu itaisha, nakuapia."

Alinijazia chupa mwenyewe. Nilimpaka mbwa kuanzia puani hadi mkiani, nikijisifu kwamba walau mimi nachukua hatua. Mbwa alijilamba, maana ndilo jambo pekee alilokuwa analijua kufanya na ngozi yake, na akatapika siku mbili. Baba alikaa naye kwenye jivu nyuma ya jiko, akimnywesha maziwa kwa kata, kidogo kidogo. Maziwa hukata sumu. Hilo kwetu hata mtoto wa chekechea anakwambia. Mbwa akapona kutapika, na wiki iliyofuata alijikuna kuliko wakati wowote. Nilirudi Sirari nikiwa na aibu, na aibu kwangu hutoka kama ukali, kwa hiyo wateja wangu walipata shida siku zile.

Halafu mtoto wa mwisho wa kaka akatoka mapunye kichwani, na kaka akafikia uamuzi. Hakuniambia uso kwa uso. Alinitumia sauti kwenye simu, ndefu, na nyuma yake nilisikia bati likigongwa.

"Mimi sina ugomvi na mbwa," alisema. "Lakini huyu ameoza akiwa hai. Watoto wanamshika, wanashika chakula. Jumamosi nampeleka bondeni na kamba. Tata nitamtafutia mwingine."

Nilisikiliza mara tatu. Niseme ukweli, sikumpenda mbwa yule hivyo. Nilimpenda baba. Na nilijua kwamba baba hangemzoea mbwa mwingine na macho yale, kwamba angerudi kwenye kigoda chetu kizuri ukutani na kukaa pale mpaka tumzike. Niliogopa sana. Nilimpigia kaka nikamwomba wiki moja, nikamgombeza, nikamwomba tena.

Nilisoma sekondari Issenye, upande wa Serengeti, na nilimkumbuka mama mmoja mtaalamu wa mifugo aliyekuwa akija shuleni kutibu ng'ombe wa shule. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wa nidhamu. Amestaafu sasa, anafuga kuku, lakini watu bado wanampelekea wanyama kwa bodaboda na baiskeli. Nikakodi mchomoko, zile teksi ndogo za huku kwetu. Dereva alikubali kumbeba mbwa kwa sharti awe ndani ya gunia hadi shingoni na akae nyuma kwenye mizigo. Baba akasema naye anakwenda.

"Tata, ni mbali," nilimwambia. "Utachoka."

"Na wewe ukimwambia huyu akae ndani ya gunia, atakaa?"

Tukaenda watatu hadi Mugumu, na kutoka Mugumu hadi Issenye, baba akiwa amegeuka kinyumenyume kwenye kiti, mkono wake uko juu ya gunia. Mbwa hakubweka hata mara moja, ila gunia lote lilikuwa linatikisika kwa kujikuna.

Yule mama alitupokea uani. "Shikamoo mama," nikasema, akaitikia bila kuniangalia, macho yake yako kwa mbwa. Alimlaza kwenye mkeka. Alimchana mgongoni na kwenye shina la mkia kwa kitana chembamba, akakung'utia uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Alisema kama ni viroboto, vile vidoa vyeusi vingetoa rangi ya damu. Havikutoa. Kisha akatia mafuta kidogo kwenye wembe, akakwangua ngozi sehemu tatu, kwa upole ambao sikuutegemea kwake, akaenda ndani kuangalia kwenye darubini yake ya zamani. Alikaa huko muda mrefu. Nilitembea uani kutoka banda la kuku hadi kwenye tangi la maji, nikarudi, nikaenda tena.

"Binti, kaa," alisema akitoka. "Unanitia kizunguzungu. Sioni utitiri. Upele wenyewe ungeanzia kwenye ncha za masikio na kwenye viwiko. Wa kwenu umeanzia vidoleni na kwapani. Nani alimpaka oil?"

Nikasema ni mimi.

"Na dawa ya kupe?"

"Kaka."

"Mna bahati yuko hai. Sasa niambieni anakula nini. Kila kitu."

Baba akajibu kwamba anakula ugali. Yule mama akangoja. Baba akaongeza, kama mtu anayetaja jambo lisilohusika, kwamba asubuhi anapata maziwa yake. Mimi nikaongeza mifupa ya Ijumaa. Akauliza anazidiwa lini. Nikafikiri. Jumapili kwenda Jumatatu, nikasema, na niliposema hivyo nikaanza kuelewa, nikatamani nisielewe.

Alitueleza kwa Kiswahili chepesi, akimgeukia baba zaidi kuliko mimi. Alisema mwili una walinzi wake wa kupigana na magonjwa, na wakati mwingine walinzi hao wanakosea wa kumpiga. Wanakiona chakula cha kila siku kuwa ni adui, wanakishambulia, na kwa mbwa vita hivyo hutokea kwenye ngozi. Ndiyo aleji. Haiambukizi mtoto wala ndama. Mapunye ya mtoto yatibiwe kama mapunye. Vidonda na harufu ni vijidudu vilivyoingia baadaye, kwenye ngozi iliyokwisha kukunwa, na kwa vijidudu hivyo atatupa vidonge. Lakini mzizi ni chakula, na kwa mbwa wengi aliowaona ni kitu kinachotoka kwa ng'ombe.

"Kwa ng'ombe?" baba aliuliza.

"Nyama yake au maziwa yake, mzee. Au vyote."

Baba akaanza kucheza na kamba. Mbwa wa mfugaji, mlinzi wa zizi, ng'ombe wenyewe ndio wanamwasha. Nilitaka kucheka, lakini sura ya baba ilinizuia.

Dawa ya mzizi haikuwa ya kununua. Mbwa ale kitu ambacho hajawahi kula maishani mwake, na hicho tu, kwa wiki nane. Asipewe ugali, wala mfupa, wala tone la maziwa. Tukiteleza mara moja, tumepoteza hesabu. Tuliulizana ni nini hajawahi kula. Nyumbani kwetu baba hali samaki wala hataki kuwaona. Anasema ni chakula cha watu wa ziwani na kina macho mengi. Kwa hiyo mbwa naye hakuwahi kuonja dagaa. Ikawa viazi vitamu na dagaa.

Nyumbani kaka alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wiki nane," alisema. "Nimekubali kwa ajili ya tata. Siku ikifika na bado ananuka, mama, usinipigie simu kulia."

Kaka huniita mama tunapogombana, kwa sababu nimepewa jina la bibi yetu, aliyeitwa mama na kila mtu nyumbani.

Nikaanza kuishi kwa wiki. Ijumaa nilibeba dagaa kutoka sokoni, nimewafunga mara tatu, na bado bodaboda walinilalamikia harufu. Wifi yangu alitenga sufuria ya mbwa, akachemsha viazi na dagaa bila chumvi, kila siku, kabla ya mapambazuko. Watoto waliapishwa. Kama mtu angeangusha hata punje ya ugali, walikuwa wanaipigania na mbwa. Baba alikaa mbali na ile sufuria, amekunja pua, akisema mbwa wake amegeuzwa mvuvi. Asubuhi alikamua na kumfukuza mbwa zizini kwa sauti ya chini, na wifi aliniambia kwamba siku za kwanza mbwa alikuwa analia pale nje ya zizi, na baba anakamua huku anaguna.

Nilikuwa sikai Sirari. Mwili ulikuwa dirishani unapokea muhuri, akili iko kwenye makwapa ya mbwa. Nilimwandikia wifi kutwa mara sita anitumie picha. Alinitumia miguu, tumbo, sikio, hata mkia. Madereva walidhani naangalia picha za watoto wangu, wakanyoosha shingo kutazama, wakarudi nyuma.

Wiki ya pili harufu ilipungua. Wiki ya tatu, kwenye ile ngozi nyeusi ya tumboni, palitokea vinyweleo vyembamba vya kahawia. Ijumaa ya wiki ya nne nilifika, nikakaa jikoni, nikamimina chai, na bati likawa kimya. Nilisubiri. Nikatoka kwenda kuona kama yupo, alikuwepo, amelala. Nikarudi kukaa. Kimya kile kilinisumbua kuliko kelele. Nilinyanyuka mara tatu kwenda kuhakikisha anapumua.

Ningeacha mambo yaende yalivyokuwa yanakwenda. Lakini mimi si mtu wa kuacha. Ijumaa ya wiki ya tano nilikuja na sabuni ya maji ya kuogeshea mbwa, ile yenye dawa, ambayo yule mama wa Issenye alinitajia kwenye simu kwamba itasaidia kutuliza ngozi. Ilikuwa na harufu kali ya hospitali. Jumamosi nilimwogesha uani, povu hadi masikioni, dakika kumi kama ilivyoandikwa, nikamsuuza vizuri. Baba alikuwa kwenye kigoda. Aliuliza ni nini hicho kinachonuka. Nikamwambia ni dawa, tata, nikaendelea. Nilikuwa na haraka ya kurudi mpakani.

Ijumaa iliyofuata, kabla sijazima tochi ya simu, nilisikia. Gu-gu-gu-gu.

Nikammulika mbwa. Vidole vyake vilikuwa vimelowa mate, na kwapani pamekuwa pekundu. Kaka alikuwa amekaa nje ya nyumba yake. Alininyooshea vidole viwili tu, maana yake zimebaki wiki mbili. Nikaingia jikoni nikamvaa wifi. Nilifunua sufuria, nikanusa, nikakwangua ukoko, nikamuuliza nani alimpa ugali, nani alimpa mfupa, kama amechoka si aseme. Watoto walikimbia. Wifi alifuta mikono kwenye khanga taratibu.

"Wifi," alisema, "chakula cha mbwa nachemsha kabla ya cha mume wangu. Ulitaka nifanye nini kingine?"

Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliniuma. Niliomba radhi, vibaya, huku bado nafunua vifuniko.

Asubuhi nikaamka na mwanga wa kwanza, nikasema leo namfuata mbwa huyu hatua kwa hatua. Nilimfuata mpaka zizini. Baba alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, paji la uso limegusa ubavu wake. Kukamua ndiyo kazi pekee ambayo macho hayajamnyang'anya. Nikasikia maziwa yakilia kwenye kibuyu, kisha nikaona baba anajaza kata, anainamisha mkono pembeni bila kugeuka, na mbwa anakuja na kunywa yote, ulimi unagonga kata.

"Tata!" nilipiga kelele mpaka ng'ombe akaruka. "Unamfanya nini? Unamuua! Kaka anamnyonga wiki mbili zijazo na wewe unamnywesha maziwa?"

Baba alimtuliza ng'ombe kwanza. Alimpapasa ubavu mpaka akasimama. Ndipo akanijibu.

"Namkatia sumu."

"Sumu gani?"

"Yako."

Nilisimama pale kwenye mbolea na viatu vyangu vya mjini.

"Mara ya kwanza ulikuja na oil ukasema ni dawa," alisema. "Alitapika siku mbili. Nani alimponya? Umekuja tena na kitu kinanuka, nikakuuliza, ukaniambia ni dawa. Neno lile lile. Nilinyamaza, sikutaka kukuaibisha mbele ya wifi yako. Tangu siku ile nampa kata moja, ya kukata sumu."

"Lakini yule mama alisema hata tone asipewe. Ulikuwepo, tata. Ulisikia."

"Alisema maziwa ya chakula," baba alijibu, na alishangaa kweli kwamba nilikuwa sielewi. "Ya chakula sijampa hata siku moja. Haya ni ya dawa."

Nilitaka kukasirika na nikashindwa. Angeweza kuniambia, lakini mtu aliyempaka mbwa wake oil ya lori na kusema ni dawa angemsikiliza? Nilichuchumaa kando yake, nikamweleza ile sabuni kwa mara ya kwanza, inafanya nini, imetoka kwa nani, na kwamba ilioshwa yote ikaisha. Nilipaswa kumweleza Jumamosi iliyotangulia, kabla sijaifungua. Alisikiliza. Kisha akauliza swali moja, taratibu sana.

"Kwa hiyo miezi yote ile ni mimi niliyekuwa namwasha? Kila asubuhi?"

"Na mimi, tata. Mifupa ya Ijumaa."

Alishika kichwa cha mbwa, akatafuta masikio kwa vidole, akaanza kupapasa ndani ya kwapa, pale palipokuwa pekundu. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi, na kwa presha ya macho huwa yanatoka, lakini asubuhi ile nilijua ni kilio.

Niliporudi Sirari nikampigia yule mama wa Issenye, nikitegemea matusi. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema baada ya wiki nane angeturudisha nyuma makusudi, kumpa mbwa kitu kimoja kimoja ili ajue ni kipi kinamwasha. "Baba yako ameshanifanyia kipimo," alisema. "Sasa tunajua ni maziwa. Mifupa nayo msirudishe. Shikilieni viazi na dagaa."

Nikamwomba kaka aanze kuhesabu upya. Akakataa. Alisema wiki nane ni wiki nane hata mpakani kwetu. Kwa hiyo nilibaki na wiki mbili, na wiki hizo sizisimulii vizuri kwa sababu sizikumbuki vizuri. Nilikosea karatasi za lori moja nikazirudia. Nilipoteza funguo. Sikuthubutu kuomba picha, na wifi naye, Mungu ambariki, hakuzituma.

Ijumaa ya mwisho nilifika jua linazama. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba, kamba ya katani iko mapajani. Mbwa alikuwa amelala ameegemea mlango wa bati. Baba amesimama kati yao, hajui asimame wapi hasa.

"Njoo hapa wewe," kaka alimwita mbwa, akitumia neno la baba. Mbwa akaenda. Kaka alimgeuza tumbo juu, akakagua makwapa, akatenganisha vidole vya miguu kimoja kimoja, akainama akanusa sikio. Kaka yangu hununua ng'ombe hivyo hivyo, bila haraka, muuzaji akiwa anatoka jasho. Nilikuwa natoka jasho. Alipitisha kiganja mgongoni, kutoka shingoni hadi mkiani, juu ya manyoya mapya, akarudia tena.

"Sikio la kushoto bado kidogo," alisema.

Akanyanyuka, akaichukua ile kamba akaenda nayo zizini. Nilimfuata kwa macho. Alimfunga nayo ndama.

Niliingia jikoni. Wifi alitumiminia chai ya maziwa, mimi na kaka aliyekuwa anarudi, kisha akamimina kikombe cha tatu kutoka birika dogo lililokuwa pembeni, chai ya rangi, nyeusi, akamwekea baba mkononi. Nilidhani amekosea. Baba yangu hajawahi kunywa chai ya rangi. Alikuwa anasema ni maji ya kuoshea vyombo. Ni mtu aliyekuzwa kwa maziwa, akalipa mahari kwa ng'ombe, na akiumwa haulizi dawa, anauliza kibuyu kiko wapi.

"Tangu ile Jumamosi uliyopiga kelele zizini," wifi aliniambia kwa sauti ya chini. "Anakamua, anatupa sisi. Yeye hagusi."

"Tata, wewe huna aleji," nilimwambia. "Ya kwako unaweza kunywa."

Baba alipuliza kikombe. Mbwa alikuwa ameingiza kichwa mlangoni na kukilaza juu ya mguu wake.

"Huyu ananitangulia kutwa nzima," alisema. "Nitakunywaje kitu ambacho nimemkataza, na ananiangalia?"

Kaka akaitazama chai yake. Mimi nikakiweka kikombe changu chini, nikamwambia wifi anipe ya kwenye birika dogo. Ilikuwa chungu na sukari haikutosha. Nikainywa yote, na nikainywa nimekaa.